Ukurasa wa Kumi na Nane

Songea, jioni ya kuamkia safari yako

Gaude mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: mchana huu umekula sahani mbili za kande na ukaichungulia sufuria kutafuta ya tatu, kwa hiyo hujambo. Hali yangu utaijua ukimaliza kusoma.

Umekwenda Mjimwema kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua wifi yangu, hakuachii mpaka akusimulie magoti yake tangu yalipoanza kuuma. Nina kama saa mbili hivi. Baba yako yuko uani, anafunga begi lako kwa kamba ya katani, mara ya tatu sasa, maana haamini zipu. Umeme umekatika tangu saa nane. Lakini hata ungekuwepo, barua hii nisingeichapa. Kwa nini, utaelewa mbele ya safari.

Habari za kula vizuri, kuvaa vizuri na kutosahau misa, baba yako amekwisha kukueleza jana, juzi na leo asubuhi. Sirudii. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba wiki nzima, na kesho alfajiri basi la Morogoro linaondoka na wewe ndani. Nisipolisema leo utakwenda nalo bila kujua, na mimi nitabaki nalo nikijua, na hilo sitaki. Ila unanijua mama yako, siwezi kusema jambo zito moja kwa moja. Lazima nizunguke nyumba kwanza ndipo nibishe hodi.

Unajua nilikuwa kopi-taipisti kwenye ofisi ya ushirika. Miaka kumi na minne. Nilikuwa nachapa haraka mpaka karani mkuu akiwa na wageni anafungua mlango wasikie. Siri ya kazi aliniambia yeye mwenyewe siku ya kwanza: "Kanisia, taipisti akisoma, anachelewa. Wewe chapa. Kusoma kuna watu wanaolipwa kusoma." Basi mwanangu, nikaacha kusoma. Macho kwenye karatasi ya bosi, vidole kwenye herufi, akili nyumbani kwenye maharage. Nimechapa mikataba, nimechapa barua za kuachishwa watu, nimechapa barua za mapenzi za bwana mmoja wa stoo akidhani nitamcheka. Ningemchekaje? Sikujua hata huyo aliyekuwa akiandikiwa anaitwa nani.

Ukafika ule wakati kila kitu kinabinafsishwa. Neno lenyewe "kubinafsisha" nilikuwa nimelichapa mara nyingi kabla sijajua linamaanisha mimi. Asubuhi moja karani mkuu akaniletea karatasi, haniangalii usoni. Nikachapa, nakala tatu, safi, nikampelekea mezani, nikatoka kwenda kunywa chai. Nakumbuka maandazi ya siku ile yalikuwa ya moto. Akaja Mama Haule wa masijala, machozi yanamlengalenga.

"Kanisia, pole sana dada yangu."

"Pole ya nini tena?"

"Ya kupunguzwa."

"Nani kapunguzwa?"

Akanishangaa. "Si umechapa mwenyewe?"

Nikarudi mbio. Kweli bwana! Orodha ya watumishi wanaopunguzwa kazi, namba kumi na moja: Bi. Kanisia Mbawala, Mchapaji. Pembezoni sawasawa, jina halijakosewa hata herufi. Nilijifukuza kazi kwa mkono wangu mwenyewe halafu nikaenda kula maandazi.

Hilo ulikuwa unalijua, baba yako hulisimulia kila penye harusi. Usilolijua ni kwamba sikujifunza kitu. Mtu mwenye akili angesema, kuanzia leo nitakuwa nasoma. Mimi nilisema, kuanzia leo nitakuwa na ofisi yangu. Wakaniachia ile taipureta, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, nikaiweka barazani karibu na soko, nikaandika kibao: KUCHAPA BARUA, MIKATABA, WOSIA NA MAOMBI YA KAZI, KWA UHAKIKA. Watu wakaja. Nikaendelea kuchapa nisivyovisoma, kwa uhakika.

Halafu akatokea Bi Zuhura. Kwanza tulimjua kwa korosho, alizokuwa akizileta kutoka kwao Tunduru. Mara tukasikia ameuza korosho akanunua kompyuta mbili, na duka lake likabadilika jina kuwa ZUHURA KOMPYUTA NA KOROSHO. Nilicheka siku nzima. Nikawaambia wateja wangu, nendeni, barua zenu zitatoka na mafuta. Mwezi wa pili nilipunguza kucheka. Wa tatu nikawa nawasalimia wateja wangu wakipita upande wa pili wa barabara.

Sasa ndipo unapoingia wewe na projekti yako. Kidato cha tano, jiografia, namna wakulima wa Hanga wanavyohifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Ulikwenda kule wiki nzima na wenzako, ukarudi na daftari limejaa vumbi na michoro ya maghala. Ukaandika upya kwa mkono, kurasa thelathini na mbili za Kiingereza, ukaniletea barazani kwa mikono miwili. Nikajisikia mkubwa! Nikamwambia jirani yangu wa mitumba, huyu ni mteja wangu wa maana, lazima nimpe riboni mpya.

Nikachapa siku mbili. Unajua vidole vyangu vilikuwa vimeanza kuvimba wakati ule, jioni navichovya kwenye maji ya chumvi, nadhani hamnioni. Nikamaliza, nakala tatu kama kawaida: moja ya mwalimu, moja yako, moja ya faili langu, maana mchapaji asiye na nakala ya faili ni mchapaji wa kubahatisha. Nikakukabidhi, nikasema, "Chukua. Kurasa thelathini na mbili, hakuna kosa."

Ukaniangalia sana. Ukaniuliza, "Mama, zote umeziona?"

"Zote."

"Na ile ya kumi na nane?"

"Gaude, nimesema zote. Unadhani mimi naruka kurasa?"

Ukanikumbatia. Pale pale barazani, mbele ya watu wa mitumba. Nikajiuliza mtoto huyu leo kapatwa na nini. Nikaamua ni kwa ajili ya pembezoni, maana kweli zilikuwa zimenyooka.

Wiki ile ile mwalimu wako, Mwalimu Ngonyani, akaanza ule utaratibu wake mpya wa kuwasiliana na wazazi kwa simu ya mkononi. Ndiyo kwanza baba yako alikuwa amenunua ile simu nene kama kipande cha sabuni. Meseji ikaingia: kikao cha wazazi Jumamosi saa nne, wanafunzi wataeleza projekti zao mbele ya wazazi, mzazi ujibu kama utakuja. Nikajibu mwenyewe. Sasa, waliotengeneza simu zile sijui walikuwa na haraka gani, wamezirundika herufi tatu tatu kwenye kitufe kimoja. Ukigonga mara moja unapata j, ukigonga mara tatu unapata l. Na mimi vidole vyangu vimezoea taipureta, havijui kugonga mara moja. Nikaandika, sikusoma, nikatuma: "Mwalimu habari za kazi. Jumamosi nakula bila kukosa."

Mwalimu akajibu, "Karibu mama, chai na maandazi vitakuwepo."

Nikamsifu kwa ukarimu.

Alhamisi yake nikatoka kununua dagaa wa Nyasa. Napita mbele ya duka la Bi Zuhura, nachungulia ndani kwa chuki ya kawaida tu, nakuona wewe. Umekaa mbele ya kioo, umeshika kile kipanya, kurasa zangu zimelala pembeni, na Bi Zuhura amekuinamia anakuelekeza. Kurasa zangu! Unazichapa upya!

Nilichokisema mle ndani watu wa sokoni walikikumbuka kwa muda mrefu. Nilisema, "Kumbe nimezaa mteja wa watu!" Nilisema mengine pia. Bi Zuhura masikini akanyoosha bakuli, "Mama Gaude, karibu korosho, punguza hasira," nikamwambia korosho zake azitie kwenye kompyuta. Na wewe ukasimama, ukasema neno moja tu.

"Mama, si ulichapa mwenyewe?"

Mimi nikasikia kiburi. Nikasikia: wewe si umeshachapa, kazi yako imekwisha, kaa pembeni. Lo! Maneno yale yale ya Mama Haule wa masijala, kwa mpangilio ule ule, na bado sikushtuka. Nikaondoka na dagaa wangu.

Jumamosi sikwenda. Nilivaa kitenge, nikavua. Nikakaa barazani na taipureta, hakuna mteja hata mmoja, maana wazazi wote walikuwa shuleni wananywa chai. Nikachapa safu ya mazoezi mpaka karatasi ikaisha, herufi zile zile za wanaoanza kujifunza. Baba yako aliporudi nikajifanya sina haja ya kujua. Akavua viatu taratibu, akasema, "Ameeleza vizuri sana. Ila kila mlango ukilia alikuwa anageuka." Halafu akaongeza, "Maandazi yako nimekula mimi."

Gaude, hapo ndipo ninapopaogopa. Nimepaogopa miaka miwili nikidhani nimepasahau.

Kwa sababu jioni ile ulirudi, ukapiga magoti, ukaniomba msamaha. Na mimi nikakunjua uso kama askofu, nikasema, "Nimekusamehe. Usirudie." Kisha nikaendelea kukusamehe. Mwaka mzima nilikuwa nakusamehe kila nikikumbuka, na nilikuwa nafurahia, usinione hivi. Hakuna raha kama ya kumsamehe mtu.

Mengine unayajua. Kazi barazani ikakauka kabisa. Siku moja Bi Zuhura akaja mwenyewe, akabisha hodi, akatoa salamu zake zote za kwao mpaka zikaisha, akaweka korosho mezani na kusema, "Dada yangu, mimi nina mashine, sina vidole. Wewe una vidole, huna mashine. Mwenyezi Mungu hawezi kuwa ametupanga hivi ili tununiane." Nikanuna siku tatu kwa ajili ya heshima, ya nne nikaenda.

Na siku ya kwanza ilivyokuwa! Nilichapa kwa nguvu mpaka zile herufi zikawa zinarukaruka. Nikafika mwisho wa mstari, mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe kwa mazoea ya miaka yote ile, kwenda kusukuma kile chuma cha kurudisha taipureta mwanzo wa mstari, nao ukakipiga kioo cha kompyuta kofi zito. Kama si ukuta kingekuwa chini. Bi Zuhura akapiga kelele, "Yarabi! Mama Gaude, unamzaba nani?" Mpaka leo wateja wakiingia ananiambia nitulize mkono.

Kwa meseji ndiyo usiseme. Ulipomaliza mtihani wa kidato cha sita, ukiwa bado bweni mlikohamishiwa mwaka ule wa mwisho, nilitaka kukupa habari njema kwa simu ya matroni kwamba shangazi yako anakuja kesho kukupongeza, na mbuzi juu. Matroni akakusomea mbele ya wenzako: "Shangazi anakula na mbuzi kesho." Ukasema matroni alikuuliza kwa upole kama nyumbani kuna matatizo. Tulicheka wote, na mimi nikacheka, nikalaumu simu. Nyani haoni kundule.

Sasa nimeshazunguka nyumba yote. Hodi.

Jumatatu hii ulinituma nikutafutie cheti cha kuzaliwa, chuo wamekitaka. Wewe ukawa uani unafua. Nikashusha lile boksi la mafaili, nikapekua. Vyeti vya ubatizo, barua ya kupunguzwa kazi, na chini yake nakala ya kaboni ya projekti yako. Nikasema hebu niyaone yale mahindi ya Hanga. Nikafunua funua, Kiingereza, Kiingereza, Kiingereza, nikafika kumi na nane. Kiswahili.

Nakunakilia hapa kwa mkono wangu, ujue kwamba safari hii macho yalikuwa wazi:

"Shikamoo Mama. Naogopa kukuambia kwa mdomo, ndiyo maana nimeiweka katikati ya kazi, najua utaifikia. Mwalimu amesema atairudisha projekti tuisahihishe, labda mara mbili au tatu. Kwa taipureta kosa moja ni ukurasa mzima, na vidole vyako vimevimba, nimekuona na maji ya chumvi. Kwa Bi Zuhura kosa linafutwa lenyewe. Naomba ruhusa niende nikajifunze pale, niirudie mimi mwenyewe, wewe upumzike. Ukikataa sitakwenda, na sitanuna. Ukikubali usiseme kitu, nipe tu kazi yangu, nitajua. Mwanao, Gaudensia."

Nilikaa chini sakafuni, Gaude. Kurasa kumi na saba za Kiingereza nisichokijua, ghafla mtoto wangu ananiita kwa Kiswahili, ananiita Mama, na mimi nachapa tu! Nimeiweka na nukta zake zote. Nimeipa hata namba. Umeniomba ruhusa kwa adabu ambayo mimi sikuwahi kumpa mama yangu, nikakupa kazi yako mkononi, ukaona mama amekubali, ukanikumbatia. Halafu siku nne baadaye nikakuaibisha mbele ya soko zima kwa kufanya nilichokuruhusu.

Na ndipo nikaelewa na lile la Mwalimu Ngonyani. Tulikutana kwenye mahafali, akaniambia kwa utani kwamba ile nakala ya kwanza ilikuwa na pengo, inatoka kumi na saba inarukia kumi na tisa, alipokuuliza ukamjibu, "Huo ni wa mama." Nikamwakia mwalimu wa watu: mimi, miaka kumi na minne kazini, niruke tarakimu? Kumbe uliuchomoa. Hata baada ya kelele zote zile hukumwonyesha mtu. Ungeweza kuniletea ukaniwekea puani, ukasema soma. Ukapiga magoti badala yake.

Sijui kwa nini hukuniletea. Labda ulidhani nimesoma nikageuka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba miaka miwili umeishi na mama uliyedhani anakubali leo na kukukana kesho. Hapana mwanangu. Mama yako si kigeugeu. Mama yako hakusoma.

Nisamehe. Nimeandika neno hilo mara moja tu na sitalifuta. Nimekosa mimi, wewe hukukosa chochote, na ule msamaha wangu wote wa mwaka mzima nakuomba unirudishie, haukuwa mahali pake.

Ningeweza kusubiri umeme nikaichapa barua hii Bi Zuhura akaitoa kwenye printa, ikawa nzuri, bila michirizi. Lakini nikichapa, macho yangu yanalala, nimekwisha kujua. Kwa mkono siwezi kukimbia. Ndiyo maana unaona nimekata kata maneno na mistari inapanda mlima.

Huko Morogoro utatufundisha hiyo barua pepe, Bi Zuhura amekwisha kunifungulia, na siku intaneti ikikubali nitakuandikia. Simu nayo ipo. Ule mpango wenu na baba yako wa kubipu, mara moja umefika, mara mbili una shida, hautafanya kazi, nakuambia mapema. Yule mtu simu ikilia kidogo tu ameshaidaka, "Haloo! Haloo!", vocha yako inakwenda. Bipu usiku akiwa amelala, nitahesabu mimi. Na siku ukiwa na neno la kuniomba, hata kama unaniogopa, usilifiche katikati ya mahindi. Niambie waziwazi, hata kwa ukali. Mimi ni mtu wa kushtuliwa.

Nawe ukiona meseji yangu imeandikwa "usiogope, nakula", ujue nimeshika mkoba, niko stendi.

Nasikia mlango wa uani. Baba yako anauliza kama kuna kamba nyingine. Nawe naona unakuja kule barabarani, umebeba kitu cha shangazi yako kichwani, ninaomba Mungu kisiwe mbuzi. Barua hii nitaitia kwenye begi kabla halijafungwa mara ya nne. Nimeisoma yote, toka juu mpaka hapa, mara mbili.

Limebaki neno moja nililopaswa kulisema miaka miwili iliyopita, pale mwanzo kabisa wa ukurasa wako, kabla ya jambo lingine lolote. Uliniamkia, mwanangu, na sikukuitikia.

Marahaba, Gaude. Marahaba.

Mama yako,
Kanisia